Mdomoni mwa Sabaki, maji yakijaa

Kutoka Malindi mjini tuktuk ilinishusha kwenye daraja la Sabaki, barabara ya Mambrui, mchana wa mapema mwezi wa Aprili, nikiwa na kamera ya kupigia picha ndege wa pwani. Kijana wa kijijini anayetembeza wageni alikuwa akinisubiri. Tulishuka kwa miguu kuelekea baharini, yeye mbele, akiniepusha na ukingo wa mto kila tulipokaribia viboko.

Mto huu ndio ule Athi wa bara. Ukikutana na Tsavo unaitwa Galana, na huku pwani ni Sabaki. Njia nzima unazoa udongo wa mashamba na kuumwaga hapa, ndiyo maana mvua zikishika, bahari ya Malindi hugeuka kahawia na wenye hoteli wakalalamika. Nawaelewa. Lakini tope hilohilo limejaa minyoo na kaa wadogo, na bila hilo ndege hawa wasingetua.

Tulichagua siku ya bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo au mpevu, kwa makusudi, maana hapa bamvua hujaa alasiri, mnamo saa kumi. Maji yakipwa ndege hutawanyika mbali matopeni na picha huwa za vidoa tu. Yakijaa, bahari yenyewe inawasogeza kwako, na jua liko mgongoni.

Nililala kifudifudi kwenye fungu la mchanga. Membe na buabua walikuwa wamejipanga wakiukabili upepo, heroe nyuma yao. Mimi niliwataka vitwitwi wenye mdomo uliopinda, waliokuja kijivu na sasa walikuwa wakibadilika kifua kuwa chekundu, tayari kurudi Siberia kuzaa. Walikuja wakidonoadonoa hadi nikalazimika kurudisha lenzi nyuma. Uzuri ulioje! Sikuinuka hata mkono ulipokufa ganzi, kwa sababu kila wanaporushwa wanachoma mafuta waliyojiwekea kwa safari hiyo ndefu. Nawasihi wenzangu wa kamera: picha ya kundi likiruka isipatikane kwa kulikimbilia.

Tukirudi darajani nilimuuliza kijana kuhusu ndege wa kahawia wa Madagaska, mwenye mabawa marefu kama mbayuwayu, anayevuka bahari baada ya kuzaa kwao.

“Huyo msubiri kusi, kaka,” akasema. “Njoo Agosti. Hapo mchangani huwa wamejaa tele.”

Tumeshapatana naye, bamvua ya Agosti.