Nilivyomsuka punda aliyekosa milia nyuma

Mkeka huu ulinichukua miezi saba, na kazi ya miezi miwili ya mwanzo niliifumua yote. Nilitaka kumsuka kwaga mzima kwa ukubwa wake: punda wa Afrika Kusini mwenye milia kichwani na shingoni, inayofifia kwenye mbavu hadi nyuma anabaki kahawia mtupu, miguu na tumbo vyeupe.

Shangazi, ndiye aliyenifundisha kusuka, alipouona mchoro wangu alishangaa. "Mwanangu, huyu ni punda milia au punda?"

Nikamwambia walimmaliza. Walowezi waliona anakula majani ya mifugo yao, wakampiga risasi kwa nyama na kwa ngozi. Wa mwisho alikufa katika bustani ya wanyama ya Amsterdam tarehe 12 Agosti 1883, na hakuna aliyetambua siku ile kwamba ndiye wa mwisho, kwa sababu huko kusini punda milia wa kila aina waliitwa kwaga. Jina lilikuwa bado linatembea, mwenyewe hayupo. Jambo hilo liliniuma kuliko risasi. Na sisi tuliotia milia ndani ya jina la mnyama, huyu tungemwitaje?

Kwaga aliye hai alipigwa picha mmoja tu, jike wa London, na picha zenyewe hazina rangi. Rangi niliitafuta kwenye picha za ngozi zilizohifadhiwa makumbusho. Ukindu niliuchemsha na rangi mara nne hadi nikapata kahawia yenye wekundu kidogo. Mweupe niliuacha ulivyokauka.

Kili, ile mikanda iliyosukwa inayoungwa kuwa mkeka, nilizisimamisha wima, kila ukili mlia mmoja. Kosa langu lilikuwa kupunguza kahawia nikielekea nyuma, nikidhani milia ndiyo inayokwisha. Mnyama akatoka kama aliyefuliwa. Nikarudi kwenye zile picha, nikatazama mbavu tu, jioni nzima. Kumbe kinachokwisha ni weupe! Kahawia inaingia katikati ya milia hadi inafunika kila kitu. Basi ukili mweupe wa shingoni ulikuwa na miyaa, yaani vipande vyembamba vya ukindu, 12 myeupe, unaofuata nikatia mmoja wa kahawia, kisha miwili, hivyo hivyo hadi kiunoni. Shangazi aliushika, akapitisha kidole, akasema, "Sasa anapumua."

Wakati nasuka nilikuwa namfikiria sana Reinhold Rau, aliyekuwa akihifadhi ngozi za wanyama katika makumbusho ya Cape Town. Alikuta mabaki ya nyama kwenye ngozi ya mtoto wa kwaga, na mwaka 1984 vinasaba kutoka ngozi ya kwaga vilisomwa, vya kwanza kusomwa vya mnyama aliyetoweka. Vikaonyesha ukaribu wake na punda milia wa nyikani, hawa hawa tunaowaona Serengeti. Mwaka 1987 akaanza kumrudisha kwaga kwa punda milia tisa kutoka Etosha, Namibia: wenye milia hafifu nyuma wanazalishwa pamoja, kizazi baada ya kizazi. Ni kazi ya ukili kwa ukili. Rau alifariki mwaka 2006, wenzake wakaendelea. Milia ya nyuma imepungua kweli. Kahawia ile nzito ndiyo iliyowachelewesha.

Wapo wanaosema huko ni kurudisha koti, si mnyama. Nakubaliana nao: tabia zake, na kingine chochote kilichokuwa chini ya ngozi, sidhani kama kinarudi kwa kuchagua milia. Hata hivyo natamani malisho yale yamwone mtu wa ukoo wake tena. Ndiyo maana ukingo wa nyuma sikuupinda. Miyaa ya kahawia inaning'inia, nafasi ya kuongeza kili ipo.

Shangazi ameshakuja na sindano mara mbili, nikamzuia. Siku hizi akinipigia simu, tukishamaliza salamu ananiuliza, "Na wale wa kule, nyuma wameshaiva?"

"Bado kidogo, shangazi."