Mama na Skuta Kule Florida

Magoti ya mama yalikuwa yameshachoka na ngazi za nyumba yetu ya Mji wa Kale, Mombasa, lakini kiti cha kusukumwa hakutaka hata kukisikia. "Mie si mgonjwa, mwanangu. Nikisukumwa, nitasimama mnapotaka nyinyi." Basi tulipoamua kwenda na wajukuu zake Walt Disney World, zile bustani za burudani za Florida, nikamkodia skuta ya umeme, kigari cha kukalia na kujiendeshea mwenyewe. Ndani ya bustani zenyewe zipo za kukodi, ila hupati kuziweka akiba na haziruhusiwi kutoka nje ya geti. Mwenye magoti mabovu anaihitaji tangu mlangoni pa chumba! Nikachukua ya kampuni ya nje, wakatuletea hotelini.

Kwenye usukani palikuwa na kitufe cha kuzungusha cha mwendo: upande mmoja kimechorwa kobe, upande wa pili sungura. Mama hakuhitaji maelezo zaidi.

Shughuli ilikuwa kwenye basi la kutoka hotelini kwenda bustanini. Dereva aliteremsha rampu, akamwashiria apande kabla ya watu wote. Mama akaona haya. "Hawa si wametutangulia?" Nikamwambia ndio utaratibu, skuta lazima ifungwe kwanza. Akazungusha hadi kwa kobe, akapanda taratibu, akarudi nyuma kidogo, skuta ikilia pii pii, mpaka ikakaa sawa ubavuni mwa basi. Dereva akapiga magoti, akanasa mikanda sakafuni, akaikaza, kisha akaitikisa skuta kwa mikono miwili. Mama akahamia kwenye kiti cha kawaida, jicho lisibanduke kwenye ile mikanda.

Animal Kingdom, bustani yao ya wanyama iliyofunguliwa 1998, ina kijiji kiitwacho Harambe, kilichojengwa kwa sura ya mji wa pwani ya Afrika Mashariki, na mabango ya Kiswahili ukutani. Hapo mama akatuacha nyuma. Alisimama kila bango, akawasomea wajukuu waliozaliwa Marekani, akawarudishia neno mpaka walitamke vizuri. Nilifurahi mno kuwaona wakimkimbilia yeye. Kwenye gari la kutembeza watu kuona wanyama skuta haipandi. Aliiacha, akapanda kwa miguu yake, ameshika bega langu, akaona twiga.

Jioni basi la kwanza lilikuwa na skuta nyingine mbili, hapakuwa na nafasi. Tukangoja. Lilipofika la pili na rampu kushuka, mama hakusubiri kuashiriwa. "Samahanini jamani," akawaambia Wamarekani waliopanga foleni, akapanda.