Kabla Udongo Haujafika Ziwani

Nyumba yetu iko kwenye mteremko unaotazama Kibirizi, na tangu tuhamie hapa miaka 12 iliyopita nilikuwa nikiamka alfajiri kufagia uwanja mpaka lisibaki hata jani moja. Ndivyo nilivyolelewa. Mama yangu alikuwa akituambia kwamba mgeni huanza kuisoma nyumba akiwa bado uwanjani, hata kabla hajakaribishwa kukaa, na ile mistari ya fagio juu ya udongo mkavu ndiyo ilikuwa salamu yetu ya kwanza kwake. Sikuwahi kufikiri kwamba desturi hii njema, katika mji wa Kigoma uliojengwa juu ya vilima vinavyoshuka hadi Ziwa Tanganyika, ingeweza kuwa na madhara.

Kilichonifumbua macho ni chupa moja ya maji. Mvua za Novemba zilipoanza miaka mitatu iliyopita, nilichota maji yaliyokuwa yakipita kwa kasi katika mtaro ulio chini ya uwanja wetu, nikayajaza kwenye chupa ya lita moja na nusu na kuiweka dirishani. Nia yangu ilikuwa kumwonyesha binti yangu jinsi uchafu unavyotuama. Kulipokucha, chini ya chupa palikuwa na udongo mwekundu wenye kimo cha vidole viwili. Nilimwaga maji, nikaupakata ule udongo kiganjani na kuusugua kwa kidole: ulikuwa laini kama unga wa muhogo uliochekechwa mara mbili, hauna changarawe wala mchanga. Ulikuwa ule udongo wa juu kabisa, unaootesha mchicha na matembele, na hiyo ilikuwa chupa moja tu kutoka katika mtaro uliotiririka kwa zaidi ya saa nzima. Binti yangu akaniuliza udongo huo unakwenda wapi. Nikamwonyesha ziwa, ambalo asubuhi ile lilikuwa na utepe mwekundu kando ya ufukwe, na maji ya buluu yakianzia mbali.

Watu wengi tunaliona Ziwa Tanganyika kuwa kubwa mno kiasi cha kutoweza kudhurika na uwanja wa mtu mmoja. Ni kweli kwamba ni kubwa: lina urefu wa takribani kilomita 670, kina chake kinafika mita 1,470, na ndani yake mna karibu asilimia 17 ya maji baridi ya juu ya ardhi duniani yasiyo barafu. Lakini ukubwa huo ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Mito mingi inaingia, Malagarasi na Luiche ikiwa miongoni mwake kwa upande wetu, ilhali mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, ulioko upande wa Kongo. Sehemu kubwa ya maji huondoka kwa kugeuka mvuke, na mvuke haubebi udongo, sabuni wala plastiki. Maji ya ziwa hili huchukua mamia ya miaka kubadilishwa na mengine mapya. Kinachoingia kinabaki, na kitakuwepo wakati wajukuu wa wajukuu zetu watakapokuwa wakinunua dagaa pale ufukweni.

Tena udongo haufiki kwanza kwenye kina. Unatua pembezoni, kwenye mawe ya ufukweni, na huko ndiko yanakoishi makundi ya samaki wadogo wenye rangi ambao wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Wengine hula ukoga unaoota juu ya mawe, wengine hutaga katika nyufa zake, na wako wanaolea mayai na watoto wao mdomoni na kuwaachia karibu na mawe hayo hayo. Tope likishafunika jiwe, ukoga hukosa mwanga na nyufa huziba. Katika miaka ya 1990 watafiti walilinganisha fukwe zilizo chini ya milima iliyofyekwa na zile ambazo milima yake bado ina msitu, wakakuta viumbe wa aina chache zaidi palipofyekwa. Dagaa nao hawakuepuka kabisa jambo hili, kwa sababu mmoja kati ya aina mbili za dagaa wetu hutaga karibu na ufukwe, na watoto wake hukulia huko kabla ya kwenda majini mbali.

Uwanja uliofagiwa wazi ndio mvua huubebea udongo kwa urahisi, kwa hiyo jambo la kwanza tulilobadilisha nyumbani halikuhitaji fedha, lilihitaji kuacha kazi niliyoizoea. Sasa nafagia sehemu ya mita tatu tu kuzunguka nyumba, na sehemu nyingine yote ya uwanja tumeiachia ukoka, ambao kijana wetu huukata ubaki mfupi. Majani ya miembe yanayodondoka hatuyachomi tena. Tunayalundika chini ya migomba na mipapai, ambako yanaifunika ardhi na kuipa rutuba. Bibi yetu wa nyumba ya pili, ambaye ananiita mwanangu na ambaye hanifichi jambo, alikuja kunionya. "Mwanangu, hizi nyasi zitawafugia nyoka, na watu watasema umekuwa mvivu." Hofu ya nyoka ni ya haki, na ndiyo maana zile mita tatu za kuzunguka nyumba hubaki wazi na ukoka hauachwi ukarefuka. Kuhusu watu kusema, nilimjibu kwa heshima kwamba kazi ya kuotesha ni kubwa kuliko ya kufagia. Hakuridhika siku hiyo.

Jambo la pili ni mchaichai wa kuzuia udongo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nilianza kwa kukosea. Nilipanda mashina ya mchaichai kwa mistari iliyonyooka kutoka juu kwenda chini ya mteremko, kwa kuwa hivyo ndivyo mistari ilivyopendeza machoni nikiwa nimesimama barazani. Mvua kubwa ya kwanza iligeuza nafasi zilizo kati ya mistari kuwa mifereji, na udongo ukaondoka kwa kasi kuliko zamani. Fundi mwashi aliyekuwa akijenga jirani alipouona uharibifu ule alinieleza kwamba mstari wa kuzuia maji lazima ulale sawasawa kukatiza mteremko, na akaniazima mpira wake mwembamba unaopitisha mwanga, ule ambao mafundi hujaza maji ili kusawazisha msingi wa nyumba. Maji hukaa kwa kimo kilekile katika ncha zote mbili za mpira. Mtu mmoja anashika ncha hii, mwingine anatembea na ncha ile kando ya mteremko hadi maji yalingane, mnachomeka kijiti, kisha mnasogea. Tulipomaliza, mstari wa vijiti haukuwa umenyooka hata kidogo. Ulijipinda ukifuata umbo la kilima. Hapo ndipo tulipopanda upya, shina hadi shina umbali wa kiganja kimoja, mistari mitatu, kila mstari mita nne chini ya mwingine.

Mwishoni mwa masika yaliyofuata nilipiga goti nyuma ya mstari wa chini nikachimbua kwa kijiko. Nyuma ya mashina palikuwa pamejikusanya udongo mwekundu wa kina cha kidole changu chote cha shahada, ukiwa umechanganyika na mbegu, vipande vya majani na hata kifungo cha shati. Huo ni udongo ambao zamani ungekuwa umeshafika ziwani. Sasa tumepanda mbaazi juu yake, na chai ya nyumba yetu haijakosa mchaichai tangu wakati huo.

Maji ya bati nayo yanahitaji kushikwa, maana ndiyo yanayochimba uwanja kwa nguvu kuliko yote. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa letu lina mita 60 za mraba, hivyo mvua ya milimita 20, ambayo kwetu Kigoma si mvua ya ajabu, inashusha lita 1,200. Kabla ya kufunga gata, maji hayo yote yalikuwa yakianguka kwenye mstari mmoja chini ya upenu na kuanzia hapo safari yao ya kuteremka na udongo. Tulifunga gata upande mmoja wa nyumba kwanza, kadiri mfuko ulivyoruhusu, na kuyaelekeza maji kwenye tenki la lita 1,000; yanayozidi yanaingia kwenye shimo lililojazwa mawe karibu na migomba. Kufua na kudeki kwa miezi ya mvua sasa hakutegemei bomba, na maji ya sabuni tunayamwaga kwenye shina la mgomba. Hatuendi tena kufulia ufukweni, jambo ambalo nakiri lilikuwa na raha yake, kwa mazungumzo na kwa upepo wa ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka kwenye ukingo wa ziwa kuwa eneo la kulindwa dhidi ya shughuli za kudumu, na naona tabia zetu za kila siku zingefaa kuuheshimu ukingo huo hata pale ambapo hakuna anayetutazama.

Kuhusu plastiki sina mengi ya kuongeza. Mifuko ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019 na kikapu cha ukindu kimerudi mikononi mwa akina mama sokoni Mwanga. Kilichobaki ni chupa na vifungashio vidogo, na ombi langu ni kwamba tusivichome uwanjani, kwa sababu moshi wake ni sumu kwa watoto wanaocheza pembeni.

Lakini siwezi kuzungumzia udongo nikaacha jikoni. Mkaa unaouzwa mtaani kwetu unashuka kutoka kwenye miombo ya Uvinza na Kasulu, na tanuri la kienyeji la kufukia kwa udongo hula kati ya kilo 5 na 10 za kuni ili kutoa kilo moja ya mkaa. Kilima kilichokatwa miti huko kinateremsha udongo kwenye mito ileile inayoingia ziwani, kwa hiyo gunia lililoko jikoni kwangu na tope lililoko kwenye mawe ya ufukwe ni jambo moja. Serikali imeweka Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Sisi tuna mtungi mdogo wa gesi kwa ajili ya chai na mboga, ila sufuria ya maharage ndiyo iliyokuwa ikimaliza mkaa wetu, na watu wa Kigoma hatuwezi kuishi bila maharage.

Dawa yake tuliipata kwa kuloweka. Maharage yanalala kwenye maji usiku kucha, asubuhi tunamwaga maji yale, tunaweka mapya na kuyachemsha kwa nguvu kama nusu saa kwenye jiko banifu. Kisha sufuria inafunikwa vizuri, inazungushiwa blanketi kuukuu na kutumbukizwa katika kapu kubwa lililojazwa matambara, na haiguswi kwa saa tatu. Ukifungua, mvuke bado unapanda na maharage yameiva yakiwa mazima, hayajapasuka; yanabaki kuungwa kwa kitunguu na mawese. Gunia lililokuwa likituishia ndani ya wiki tatu sasa linakaribia wiki sita. Mwanzoni mama mkwe wangu aliamini kwamba chakula kisichoonekana kikichemka hakiwezi kuiva, mpaka alipokionja.

Sidai kwamba mambo haya yanatosha kulinusuru ziwa. Tafiti zilizotolewa mwaka 2003 zilionyesha kwamba maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yamepata joto, na joto hilo linazuia maji ya chini yenye rutuba kupanda juu ambako dagaa hupata chakula chao. Ongezeko la joto la dunia kwa sehemu kubwa halikutokana na majiko ya Kigoma, na nchi zilizoichafua hewa kwa zaidi ya karne moja zinapaswa kubeba mzigo wake. Hata hivyo, milima inayozunguka Gombe inanizuia kukata tamaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa imebaki karibu mitupu nje ya mipaka ya hifadhi, Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, akaiona kutoka kwenye ndege ndogo, na mwaka 1994 ukaanza mradi wa kufanya kazi pamoja na wanavijiji wenyewe. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kuviacha visiki vilivyo hai vichipue bila kukatwa tena, na leo ukipita na boti kuelekea kaskazini unaona kijani mahali ambapo wazee wanakumbuka wekundu.

Novemba iliyopita nilijaza tena chupa ileile, mahali palepale pa mtaro, mvua ya kwanza iliponyesha. Udongo ulitua chini, lakini haukufikia hata nusu ya kidole. Maji mengine yanayopita hapo yanatoka kwa majirani walio juu yetu, hivyo sitarajii chupa safi kwa sasa. Siku mbili baadaye bibi wa nyumba ya pili alikuja na ndoo tupu, akazunguka mistari yote mitatu bila kusema neno, kisha akaniomba mashina ya mchaichai. Tuling'oa tita moja lililokuwa limenenepa, tukalipasua kwa mikono na kupata mashina 22 yenye mizizi, tukayakata majani yake yabaki urefu wa kiganja ili yasinyauke. Jioni ile mimi na binti yangu tuliubeba mpira wa fundi hadi uwanjani kwake, tukaanza kuchomeka vijiti.