Nilivyoacha kujipima pumzi

Ujumbe ulionifanya nianze kujipima pumzi ulikuwa wa sauti. Mwanamume anazungumza taratibu, kwa uhakika: vuta pumzi, izuie kwa sekunde 10, ukimaliza bila ya kukohoa basi huna korona. Aliyeuleta kwenye grupu letu la darasa aliandika chini yake "sambazeni muokoe watu", nami nikausambaza. Ilikuwa wiki ileile ya Machi 2020 ambayo mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa, tarehe 16. Siku mbili baadaye vyuo vikafungwa, tukaambiwa tuondoke dahalia.

Nilijipima chumbani chuoni, Tunguu, Unguja, huku nafunga mabegi. Nikajipima ndani ya daladala kwenda mjini, nikajipima tena kwenye boti ya Pemba. Tulipofika mkondo wa Nungwi watu walikuwa wanatapika, mimi nimefumba macho nahesabu moja mpaka kumi.

Nyumbani ni Wete, Pemba. Baba alikuwa akifanya kazi kwenye hoteli moja kaskazini ya Unguja. Ndege za wageni ziliposita hoteli ikafungwa, naye akarudi na begi lake bila ya mshahara wa mwezi ule. Mimi nilikuwa mwaka wa tatu, utafiti wangu umesimama njiani, sijui bumu, pesa za mkopo wa wanafunzi, litaingia lini wala kama nitahitimu na wenzangu. Kila jioni tulikaa tukisubiri idadi ya wagonjwa. Tarehe 29 Aprili wakasema ni 480 nchi nzima, kisha takwimu za taifa zikakoma. Mtu akidhani ukimya ule ulitutuliza, hakuwa katika magrupu tuliyokuwemo sisi. Pale pasipo na idadi, kila mtu aliweka ya kwake.

Usiku ndipo nilipoteseka. Natia simu chini, nalala chali, nazuia pumzi. Mara ya kwanza nafika 10. Nataka kuhakikisha, narudia. Mara ya tano kifua kimeshakaza, midomo inakufa ganzi, vidole vinatambaa kama vina sisimizi, moyo unapiga mpaka nausikia masikioni. Nikishindwa kufika 10 naamini imeshanipata. Nikawa nalala nimekaa, mgongo ukutani, hadi adhana ya alfajiri.

Nilikwenda kituo kimoja cha afya. Aliyenipokea alisimama mlangoni, akanyoosha mkono nisisogee, akauliza kama nimetoka Unguja. Nilipomwambia ndiyo, akanambia nirudi nikajifungie ndani. Hakuniuliza ninaumwa na nini. Najua na yeye alikuwa na khofu yake, lakini siku ile nilitembea mpaka nyumbani huku miguu inatetemeka.

Bibi yangu ndiye aliyegundua. Alikuwa akichemsha mchaichai na majani ya mkarafuu, tunajifukiza kwa zamu. Zamu yangu ilipofika nikafunikwa blanketi, mvuke ukanijaa usoni, na pumzi ikanikata. Niliruka nje nusura nipindue sufuria. Mama akaanza kunigombeza, Bibi akamnyamazisha.

"Mwanangu, hebu njoo hapa. Una nini wewe?"

Nikamwambia: "Bibi, naogopa ntakufa usiku na nyote mmelala."

Hadi leo sijui niliyatoa wapi maneno yale, maana sikuwa nimeyasema hata kwa mashoga zangu. Hakunicheka. Hakunambia imani yangu ndogo, jambo ambalo nilikuwa nikiliogopa kuliko yote. Alisema tu, "Basi kuanzia leo hulali peke yako," na godoro langu likahamia chumbani kwake.

Siku ya pili tukampigia kaka mmoja wa ukoo wetu aliye daktari. Akaniuliza kama nina homa, kama nakohoa, kama pumzi inanibana nikitembea au nikifanya kazi. Yote hapana, nilikuwa nateka maji na kupanda mlima wa nyumbani bila ya taabu. Akanieleza kwamba mwenye khofu huhema haraka, akatoa hewa ya kaboni nyingi kupita kiasi, na hilo peke yake linatosha kuleta ganzi ya vidole, kizunguzungu na kifua kubana. Kile kipimo cha sekunde 10, akasema, Shirika la Afya Duniani limeshakitaja kuwa ni uzushi: kijana mwenye virusi anaweza kufika 10 vizuri, na mwenye pumu asiye na virusi akashindwa. Akanipa amri mbili. Nisijipime tena hata mara moja. Na khofu ikinijia, nivute kwa pua hesabu ya nne, nitoe kidogokidogo hesabu ya sita.

Kutoa ndiko kulikonisaidia. Mwezi mzima nilikuwa nazuia.

Kuacha kujipima kulikuwa kugumu, nisimdanganye mtu. Mikono ilikosa kazi. Bibi akaniletea miaa akanifundisha kusuka ukili, ule utepe wa kushonea mikeka. Kazi ile inataka macho na vidole vyote kumi. Ukiruka njia moja mshono unakwenda upande na huna budi kufumua. Ukili wangu wa mwanzo ulikuwa mwembamba huku, mpana kule. Bibi aliupitisha kwenye vidole vyake, akafumua kiasi cha dhiraa moja, akanirudishia bila ya neno. Nikaanza tena. Kabla ya Magharibi nikagundua kwamba sijaifikiria pumzi yangu tangu Adhuhuri.

Simu nikawa naifungua mara moja, baada ya Alasiri, na magrupu matatu nikayatoka. Usiku wa Ramadhani ilinirudia mara mbili, nikamwamsha Bibi, tukahesabu pamoja. Vyuo vilipofunguliwa tarehe 1 Juni nilipanda boti na ukili wa pima nane ndani ya begi.

Februari 2021 nikauhitaji tena ujuzi ule. Chama cha Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, kilikuwa kimeshatangaza kwamba ana korona, na tarehe 17 akafariki hospitali ya Muhimbili. Niliyekuwa nikikaa naye chumba ni wa Mtambwe, Pemba, huko huko alikozikwa Maalim. Usiku wa maziko nilimsikia gizani anavuta pumzi, kimya kirefu, kisha anaiachia kwa kishindo. Halafu tena.

Nikawasha taa. "Shoga, unahesabu mpaka ngapi?"

Akaniangalia kama nimemfuma. "Kumi."

Nilikwenda nikakaa kitandani kwake, nikamuuliza yale niliyoulizwa mimi: homa, kikohozi, pumzi akitembea. Kisha nikamshika mikono, ilikuwa ya baridi kabisa, na nikaanza kumhesabia kutoa.