Mafia kwa pikipiki ya kukodi: maji, mchanga na hesabu ya bosi

Ukishuka Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa cha Mafia, ukauliza pikipiki ya kukodi, watakuuliza unakwenda wapi wakupeleke. Ukisema unataka kuendesha mwenyewe, wanacheka. Ukiwa mwanamke, wanacheka mara mbili. Wala si dharau. Pikipiki nilizozikuta kule ni za kazi, kila moja ina dereva wake, na nyuma ya dereva yuko bosi anayesubiri hesabu jioni. Usipomfikiria bosi, hata ukiwa na pesa mkononi utaishia kubebwa tu.

Mimi nilianzia hapo kwenye hesabu. Kijiweni karibu na soko nikawa naangalia cheni na tairi, siti na stika nikaziacha. Nikamwendea kijana mmoja mwenye Boxer ambayo cheni yake ilikuwa na mafuta na tairi la nyuma bado lina meno. Sikumuuliza bei. Nilimuuliza anapeleka shilingi ngapi kwa bosi, na siku ikiwa nzuri yeye mwenyewe anabaki na ngapi. Tukajumlisha, nikaongeza kidogo juu yake, tukakubaliana 25,000 kwa siku, mafuta juu yangu. Kwa bei ile yeye hapati hasara na anapumzika. Watalii wengine hukazania kushusha bei mpaka kijana anakubali kwa shingo upande, halafu wanashangaa kupewa pikipiki isiyo na breki.

Bosi akataka kuniona. Mzee wa makamo, kanzu na kofia, katoka kuswali adhuhuri. Nikamwamkia, akaitikia, akashika leseni yangu akaiona ina daraja A, akanirudishia bila neno. Kisha akaangalia viatu vyangu.

"Mchanga umeuzoea, mwanangu?"

Nikamwambia nimekulia Kigamboni.

"Mchanga wa Kigamboni pembeni yake pana lami," akasema, na kijiwe kizima kikacheka. Akamwagiza kijana anipeleke kwenye njia ya mchanga nje kidogo ya mji, niende na kurudi huku anatazama. Niliporudi bila kuanguka, ndipo akatoa kadi ya pikipiki, tukaangalia bima kama bado inaishi, nikapiga picha kila mkwaruzo yeye akiwa amesimama pale pale. Hilo la picha nalisisitiza. Si kwamba watu wa Mafia ni wagomvi, ila mkwaruzo hauna mashahidi.

Sharti lake lilikuwa moja: magharibi isinikute barabarani. Nikajua ni yale yale, mwanamke asitembee usiku. Kumbe mzee alikuwa na hoja nyingine kabisa. Mafia kuna viboko. Wako kwenye mabwawa ya ndani ya kisiwa, na wenyeji husema walisombwa na mafuriko ya Rufiji wakavukishwa bahari mpaka huku. Usiku hutoka kwenda kula, na shamba la mpunga la mtu kwao ni sahani. Kukutana na kiboko ukiwa na taa moja ya pikipiki na mchanga chini ya tairi, sitaki hata kufikiria.

Siku ya kwanza nilielekea Utende, na sababu ni kwamba njia ile ina lami, kama kilomita 14 hivi kuvuka kisiwa kutoka magharibi kwenda mashariki. Hapo unaizoea mashine: klachi inashika wapi, breki ya mbele ina ukali gani. Kabla ya kufika ufukweni kuna geti la Hifadhi ya Bahari, ile iliyoanzishwa 1995 ikawa ya kwanza ya aina yake nchini. Mtanzania ana kiingilio chake, mgeni ana chake, kwa hiyo kitambulisho kisikae hotelini.

Pikipiki haivuki kwenda Chole, kisiwa kidogo kilicho mbele ya Utende. Nilimwachia baba mmoja aliyekuwa anashona nyavu kivulini, nikapanda mashua. Chole ilikuwa ndiyo mji mkuu kabla Wajerumani hawajahamishia utawala Kilindoni mwaka 1913, walikofuata kina cha maji kwa ajili ya meli zao, na magofu yake sasa yameshikwa na mizizi. Ila kilichonipangia siku hakikuwa magofu. Kilikuwa maji. Yakitoka, mashua hukaa mbali na unatembea kwenye tope na majani ya bahari hadi magotini. Kwa hiyo asubuhi kabla ya kuwasha pikipiki nilikuwa namuuliza mvuvi yeyote: maji yanajaa saa ngapi? Jibu lake ndilo lililoamua nianze na pwani au nianze na ndani ya kisiwa.

Safari ya kaskazini ndiyo hasa niliyoiendea. Kutoka Kilindoni hadi Bweni, na mbele yake Ras Mkumbi, ni karibu urefu wote wa kisiwa, kama kilomita 50. Kilomita hizo usizipigie hesabu za barabara ya Morogoro. Nilijaza tangi Kilindoni, kwa sababu ukishatoka mjini petroli unaikuta dukani kwenye chupa za maji, nayo ni ya dharura. Nilibeba pia pampu ndogo, funguo ya plagi na vipande vya mpira wa tyubu vya kufungia mizigo.

Sasa mchanga. Mchanga unamwangusha mwenye woga. Ukiuona mbele yako mkono unataka kufunga mafuta na mguu unataka breki, na ukifanya hivyo tairi la mbele linazama na usukani unakataa. Mimi huachia upepo kidogo kwenye matairi yote mawili kabla ya kuingia, tairi lipate kulala. Natumia gia ya pili, mafuta yasipungue wala yasizidi, mwili nyuma kidogo, macho mbali na si kwenye gurudumu. Usukani hucheza, uache ucheze. Breki ya mbele isahau kabisa. Ukipata udongo mgumu, unashuka unajaza upepo tena, maana tairi laini kwenye mawe ni pancha tu inayokusubiri.

Nguo nazo zina kazi. Suruali pana, shati la mikono mirefu, kanga kichwani chini ya kofia ngumu na nyingine kiunoni. Sikuambiwa na mtu, lakini vijiji vya huko ni vya Waislamu, na mwanamke juu ya pikipiki tayari ni habari tosha. Na kila nikipita barazani nilikuwa napunguza mwendo nitoe salamu. Kuna mahali, njia ilipogawanyika katikati ya minazi, bibi niliyemwamkia ndiye aliyeniita nirudi: "We mwanangu, huko unakwenda kwenye shamba la watu!" Ningempita mbio angeniacha nikatokee huko huko.

Minazi, minazi, halafu minazi. Simu haikunisaidia sana, kwa sababu njia za baiskeli ni nyingi kuliko zilizo kwenye ramani. Nilifuata alama za matairi ya pikipiki nyingine: palipokuwa na nyingi ndipo njia kuu.

Bweni nilikaa kuliko nilivyopanga. Kina mama wa pale husuka mikeka ya ukindu yenye michirizi ya rangi, kazi safi, na wanauza kwa bei ambayo niliona haya kuipunguza. Mmoja aliufunga wangu mwenyewe kwenye keria kwa ile mipira ya tyubu, ukilala kwa urefu wa pikipiki usije ukanasa vichakani. Mnara wa taa wa Ras Mkumbi uko mbele kidogo, Wajerumani waliujenga 1892, umesimama juu ya miamba ya matumbawe. Mnara wenyewe si wa kukutoa Dar. Kinachofaa ni upepo wake baada ya joto la njiani, na dafu la kijijini.

Kurudi nilianza saa nane mchana, mapema kuliko nilivyotaka, kwa heshima ya viboko.

Kabla ya kurudisha pikipiki kwa mara ya mwisho niliiosha kwa maji ya kisima, hasa cheni na spoku, nikapaka mafuta. Chumvi ya pwani hula chuma kimya kimya, na bosi akikuta cheni imekauka atakumbuka kila mkwaruzo. Malipo niliyatoa mbele ya wote wawili, ya bosi kwa bosi, ya kijana kwa kijana, asije mmoja akadhani mwenziwe kapokea zaidi. Siku ya kuondoka sikukodi. Vyombo vya kwenda Nyamisati, bandari ya upande wa bara, navyo hufuata maji, na saa ya kuondoka inaweza kuangukia alfajiri, kwa hiyo kijana alinipeleka gatini kama abiria, mkeka nimeupakata.