Kadha ya Siku ya Saba

Ramadhani ya mwaka 2009 ilinikuta Trondheim, nchini Norwei, nikiwa sijatimiza hata wiki mbili tangu niondoke Unguja kwenda kusomea uzalishaji wa umeme wa maji. Mfungo ulianza tarehe 22 Agosti, na siku hiyo jua lilichwa saa 3 na dakika chache usiku. Nilifunga kwa tabu, katika mji nisiomjua mtu, na mwezi ulipoandama nikawa na deni la siku saba, zile ambazo mwanamke huzivunja kwa sababu ya ada yake ya mwezi na kuzilipa baadaye, ndiyo kadha. Tangu siku ya Idi nilijua nitazilipa lini. Nilikuwa nimekwisha kuliangalia jedwali la nyakati za swala la mwaka mzima, nikaona kwamba katikati ya Disemba mchana wa kule huwa mfupi kiasi kwamba mfungo, kuanzia alfajiri hadi Magharibi, hautimizi saa 8.

Jambo hilo halikunikaa vizuri moyoni. Nililelewa Makunduchi na bibi yangu mzaa mama, ambaye alisomesha watoto katika chuo cha Kurani kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika nyumba yake ibada haikuwa kitu cha kutafutiwa njia ya mkato. Kuikopa siku ndefu ya Agosti na kuilipa kwa siku fupi ya Disemba nilikuona kama kuazima kibaba cha mchele kilichofurika na kurudisha kibaba kilichofutwa juu kwa kiganja. Hata hivyo niliahirisha, wiki baada ya wiki, na mwezi wa Novemba mambo yakazidi kuwa mabaya, kwa sababu swala zenyewe zilianza kunikimbia. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zilisogeleana hata zikawa zinaingia zote wakati nikiwa darasani au maabara, na katika wiki moja nilizikosa Alasiri tatu mfululizo. Nilikuwa naswali huku jicho moja liko kwenye saa. Sikumbuki kipindi kingine maishani mwangu ambacho nimeswali kwa hesabu kali kama ile na kwa moyo mkavu kama ule.

Nilianza kulipa kadha zangu Jumanne, tarehe 15 Disemba. Mitihani ilikuwa imekwisha, wanafunzi wengi wamekwenda makwao, na katika nyumba ya wanafunzi tuliyokuwa tukikaa wanne nilibaki peke yangu. Madirishani mwa nyumba za jirani zilining'inia nyota za karatasi zenye taa ndani, na vinara vya mishumaa saba viliwaka kutwa, kwa kuwa kutwa nzima ilihitaji taa. Mimi nami niliwasha kila nilichokuwa nacho: taa ya dari, ya mezani, ya jikoni na ya ukumbini, kisha kompyuta ikisoma habari kwa sauti hata nilipokuwa siisikilizi. Norwei hupata karibu umeme wake wote kutokana na maji, na mwanafunzi hakatiwi. Niliiogopa giza ile, nami sikuwa nimemwambia mtu.

Ajabu ni kwamba nyumbani nako kulikuwa na giza. Tarehe 10 Disemba waya unaopita chini ya bahari kuleta umeme Unguja kutoka bara ulipata hitilafu, na kisiwa kizima kikazimika. Hakuna aliyejua wakati ule kwamba ungekaa miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama, watu wakarudia visima na madumu, na wenye jenereta wakawa wanachaji simu za mtaa mzima kwa malipo. Mjukuu anayesomea umeme alikuwa amekaa katikati ya taa nne, na bibi aliyemlea alikuwa akitafuta mafuta ya taa ya kutia katika kibatari.

Jumapili, tarehe 20, nilinunua kadi ya simu nikampigia.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mke mwenzangu. Mbona sauti imekauka?”

“Nimefunga. Nalipa kadha zangu, kesho ndiyo ya mwisho.”

“Alhamdulillahi. Na huko mnafuturu saa ngapi?”

Nilipomwambia saa nane u nusu mchana alinyamaza, akaniuliza tena, nami nikarudia. Hapo ndipo nilipomtolea lililokuwa likinisumbua, kwamba nilijiona kama mwizi, kwamba nimezichagua siku hizi kwa kuwa hazina uzito.

“Unamwibia nani?” akauliza. Hakuwa akinikaripia, alikuwa akitaka jibu kweli. “Mwenye siku ndiye aliyezifupisha. Alfajiri mpaka Magharibi ni siku, hakuna aliyekwambia uzipime kwa saa. Saumu ya baridi ni ngawira baridi, ndivyo tulivyosomeshwa, mali aliyoipata mtu bila ya kutoka jasho. Mtu akipewa hupokea kwa mikono miwili.” Kisha akatulia kidogo. “Lakini nami nikuulize. Mchana umeufunga, haya. Huo usiku wote unaufanyia nini?”

Sikuwa na la kusema. Niliona haya kumwambia kwamba naukimbia.

“Kasome Suratul Qasas,” akasema, “aya ya sabini na moja na ya sabini na mbili. Usizipite mbio. Utazame inavyomalizikia hii, utazame inavyomalizikia ile.” Akaniomba radhi kuwa simu yake inataka kuzima na nafasi ya kuchaji ni mpaka kesho, akanipa mkono wa buriani kwa dua fupi, na laini ikakatika.

Ile kauli ya ngawira baridi nilikuja kuiona baadaye katika mkusanyo wa hadithi wa Tirmidhi, ambaye mwenyewe ameeleza kuwa ni mursali, yaani aliyeipokea hakukutana na Mtume. Bibi hakuwa akiitolea hukumu. Alikuwa akinitoa mahali niliponasa.

Kesho yake ilikuwa Jumatatu, tarehe 21 Disemba, siku fupi kuliko zote za mwaka huo. Nilikula daku, nikaswali Alfajiri ilipoingia saa 12 na dakika 42, kisha nikakaa dirishani kungoja jua, nikangoja kwa zaidi ya saa tatu. Anga ilitoka weusi ikawa buluu nzito, kisha buluu ya maji ya kina, ikakaa hapo muda mrefu kana kwamba imeridhika. Jua lilichomoza saa 4 na dakika 1. Karibu na saa sita nilivaa kila nguo ya joto niliyokuwa nayo, nikapanda hadi kwenye ngome ya zamani ya Kristiansten, iliyo juu ya mji, kwa sababu nilitaka kuitazama Adhuhuri kwa macho yangu na si kwa jedwali.

Chuoni kwetu bibi alikuwa amesimika kijiti uani, na sote tulijifunza nyakati hapo kabla hatujajua kusoma saa. Mwezi wa Disemba, jua linapokuwa upande wa kusini, kivuli cha adhuhuri cha kijiti kile hulala upande wa kaskazini, nacho ni kifupi, hakifiki theluthi ya kijiti chenyewe. Wakati wa kipupwe hugeuka kikalala kusini. Alasiri huingia kivuli kinapoongezeka kwa urefu wa kijiti, na sisi watoto tulikuwa tukishindana nani atakuwa wa kwanza kuona kimefika kwenye alama, tukisubiri muda wa kupika wali na mchuzi wake.

Pale ngomeni jua lilikuwa limekaa juu kidogo tu ya vilima vya kusini, jekundu, unaweza kulitazama bila kufumba macho. Niligeuka kutafuta kivuli changu. Kilianzia miguuni, kikapita juu ya theluji, kikapita njia ya waendao kwa miguu, kikaendelea hata nisijue kichwa changu kimeishia wapi. Nilipiga hesabu kichwani, kama nilivyozoea: mtu wa kimo changu, jua likiwa nyuzi 3 tu juu ya upeo, hutoa kivuli kisichopungua mita 25. Kivuli cha urefu huo kinahitaji dakika chache tu kuongezeka kwa kimo cha mtu, na ndiyo maana siku ile Adhuhuri iliingia saa 6 na dakika 17 na Alasiri ikaingia saa 6 na dakika 44. Miezi miwili nilikuwa nikizilaumu zile dakika 27 kama kwamba kuna mtu aliyezipanga ili kunitesa. Kumbe ilikuwa kanuni ile ile ya kijiti cha bibi, haikupunguzwa wala kuongezwa, ila imepelekwa mbali na nyumbani. Niliswali zote mbili pale pale, kila moja kwa wakati wake, juu ya koti nililolitandika kwenye theluji, na katikati yake sikuwa na pa kwenda wala cha kufanya isipokuwa kusimama kwenye baridi nikikitazama kivuli.

Jua lilichwa saa 8 na dakika 31. Nilifuturu kwa tende tatu na uji wa ngano nilioutia pilipili manga za kwetu, zile za kutwangwa kwenye kinu kidogo, nilizofungiwa na bibi kwenye kitambaa siku ya kuondoka. Makunduchi wakati huo ilikuwa saa 10 na nusu jioni, na jua lao lilikuwa bado na saa mbili nzima. Nilipokwisha kuswali Magharibi nilifungua msahafu.

Aya ya kwanza inawauliza watu: lau Mwenyezi Mungu angeufanya usiku kuwa wa kudumu juu yenu hadi Siku ya Kiyama, ni mungu gani mwingine angekuleteeni mwangaza? Ya pili inauliza vivyo hivyo kuhusu mchana: ni nani angekuleteeni usiku wa kutulia ndani yake? Nilikuwa nimezisoma mara nyingi sana, kwa kuwa tulihifadhishwa. Safari hii nilitazama mwisho, kama nilivyoambiwa. Aya ya mchana inamalizikia kwa kuuliza, je, hamwoni? Aya ya usiku haiulizi hivyo. Inauliza, je, hamsikii?

Nilikaa na swali hilo mpaka saa 10 na dakika 35 jioni, ambapo huko Makunduchi jua lilikuwa likizama na nyumba ya bibi ikiingia giza. Nikainuka nikazima taa ya dari, ya mezani, ya jikoni na ya ukumbini. Nikaifunga kompyuta. Nilikuwa nimenunua mshumaa, na nilipouwasha nikauona nao ni wa kutazamwa, nikaupuliza.

Mwanzoni giza lilikuwa na kelele, na kelele zote zilikuwa zangu: mtihani nilioufanya vibaya, kodi ya Januari, maneno niliyopaswa kumjibu mtu mwezi mzima uliopita. Nikashika tasbihi. Baada ya mizunguko miwili nikagundua kwamba ninahesabu jinsi ninavyohesabu kila kitu, nikiwahi mwisho, basi nikaiweka chini kando ya goti. Sikuacha kwa kudharau nyiradi, Mungu apishe mbali. Niliacha kwa sababu niliambiwa nisikie, na mtu anayehesabu hasikii. Sikuomba kitu pia. Nilikaa tu, miguu nimeikunja, mgongo ukutani.

Nikasikia maji ya moto yakipita ndani ya bomba la kupashia chumba joto, yanakuja, yanagota, yanarudi. Nikasikia theluji ikiteleza paani na kuanguka kwa mshindo mdogo, kama gunia la usufi. Kisha kwa muda mrefu sikusikia kitu, na nilipokisikiliza kile kitu kisichokuwapo nikasikia pumzi yangu, ikiwa ya taratibu kuliko nilivyodhani. Nilijua kwa dakika ile bibi anafanya nini. Ameketi kwenye kibao uani, amechota maji kwa kata kutoka kwenye ndoo, kidogo kidogo kwa sababu maji ni ya kubeba, anatawadha bila taa, na hakuna kiungo anachokikosa. Giza lile halimpunguzii kitu. Miaka mingi amekuwa akiamka ndani yake kwa hiari yake, watu wote wakiwa wamelala.

Isha ilipoingia niliswali bila kuwasha taa, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti sikujua nimeswali kwa dakika ngapi. Nikakaa tena. Wanafalaki walikuwa wamehesabu kwamba jua litafika kikomo chake cha kusini saa 12 na dakika 47 jioni hiyo, kisha lianze kurudi, na Wanorwei husema siku hiyo kwamba jua limegeuka. Nilikuwa nimekusudia kuingoja dakika hiyo. Nilipokuja kuitazama saa, ilikuwa imepita kitambo, na sikuwa nimesikia chochote kikigeuka.

Tangu mwaka ule, popote nitakapokuwa, tarehe 21 Disemba hufunga nikiweza na kuzima taa baada ya Magharibi, nikazisoma aya zile mbili kabla ya kuzizima. Umeme ulirudi Unguja mwezi wa Machi 2010. Bibi alinisimulia kwamba ulirudi usiku, mtaa mzima ukapiga vigelegele, na taa ya chumbani ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima tangu Disemba ikawaka juu ya kichwa chake akiwa kwenye mswala. Alimaliza rakaa aliyokuwa nayo, akatoa salamu, akainuka kuizima, kisha akarudi kuswali witri.