Usaili Ulioishia Kwenye Ukimya

Katika usaili wa mwisho wa kampuni moja niliyoiomba kazi, uliofanyika kwenye jengo moja la ghorofa pale Posta, jijini Dar es Salaam, mwenyekiti wa jopo aliniuliza ningeweza kuanza kazi lini, akaandika jibu langu pembeni mwa wasifu wangu, kisha akaahidi kwamba ningepigiwa simu kabla ya wiki kwisha. Sikupigiwa. Barua pepe zangu hazikujibiwa, na kila nilipopiga simu mapokezi niliambiwa kwamba mhusika yuko kikaoni. Sekretarieti ya Ajira, chombo cha serikali ya Tanzania kinachosaili waombaji wa kazi za umma, pamoja na wingi wa waombaji wake, hutangaza kwenye tovuti majina ya wanaoitwa kazini, hivyo asiyejiona anajua hatima yake. Kampuni iliyosaili watu wachache inashindwaje kuandika mstari mmoja wa kukataa, ilhali mwombaji ameacha kibarua na kukopa nauli kwa kuiamini?